Pikipiki ya Mwalimu Inavuta Kushoto

Mwalimu alifika kibandani jioni, saa kumi na mbili kasoro, akiisukuma pikipiki badala ya kuipanda. Haikuwa imeharibika. Mafuta yalikuwemo. Aliisukuma tu, mwili ameukaza upande wa kulia kama mtu anayekokota mbuzi asiyetaka kwenda.

"Shangazi," alisema, akihema. "Inanivuta kushoto."

Kila mtu mtaani alimwita Shangazi, hata waliomzidi umri. Jina lilianzia kwa mtoto wa kaka yake, likasambaa lenyewe. Yeye na mumewe walikuwa wametengeneza pikipiki miaka kumi na tisa, kibanda kimoja, sanduku moja la spana. Mume alifariki miezi minane iliyopita, ameketi kwenye kiti cha plastiki pale pale mlangoni, anangoja chai ipoe. Shangazi alizika Jumanne. Alhamisi akafungua kibanda.

Hakulia. Watu walisubiri alie, wakachoka, wakaenda zao. Alikuwa na ganzi, si ya mguu wala ya mkono, ya mtu mzima mzima. Alikunywa chai bila kujua kama ina sukari. Siku moja aliegemeza mkono kwenye ekzosi ya moto, akajua anaungua pale tu aliposikia harufu.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu niinunue kwa dalali. Wiki ya tatu hii. Nimeshapita kwa mafundi wawili. Wa kwanza kabadilisha tairi, wa pili kabadilisha beringi. Wote wanaipanda, wanarudi, wananiambia iko safi, mwalimu, labda ni wewe umekaa vibaya."

"Waliijaribu saa ngapi?"

Mwalimu alifikiri. "Asubuhi. Mwingine mchana."

"Na wewe inakuvuta saa ngapi?"

"Jioni. Nikitoka shule." Alipunguza sauti, ingawa hapakuwa na mtu karibu. "Jana imenipeleka mpaka ubavuni mwa lori, Shangazi. Nimeziona nati za gurudumu moja moja, ningeweza kuzihesabu. Mke wangu ana mimba ya miezi saba. Ameniambia nichague, yeye au hiki chuma."

Alicheka kidogo. Alipoona anacheka peke yake, akaacha.

"Iache hapa," Shangazi alisema.

Mwalimu alimpa ufunguo, akaondoka kwa miguu. Hakuuliza itakuwa tayari lini.

Kesho yake Shangazi aliianza asubuhi na mapema. Alipima upepo wa matairi, mbele na nyuma. Sawa. Akainyanyua kwenye stendi, akazungusha magurudumu kwa kidole huku akiangalia ringi: hazikuyumba hata unywele. Breki hazikuwa zinashika zenyewe. Akavuta uzi kutoka tairi la nyuma mpaka la mbele, akapiga magoti, akafumba jicho moja. Uzi ulinyooka kama mstari wa daftari. Akaangalia alama za mnyororo kulia na kushoto, zikalingana. Akatikisa shingo ya usukani, akabonyeza shokapu za mbele, springi zinazobeba uzito, akapapasa fremu yote kwa kiganja akitafuta mahali palipopinda au palipochomelewa upya. Alipapata chini ya tangi, mshono mmoja wa zamani. Chuma hiki kilishawahi kuanguka vibaya. Lakini aliyekinyoosha alikuwa anajua kazi yake.

Saa nne akaipanda. Akaenda mpaka kwenye kiwanda cha mbao na kurudi, mara mbili, mara ya pili ameachia mikono.

Ilikwenda kama iko kwenye reli.

Basi akaiegesha, akafanya kazi nyingine, akangoja jioni.

Jua lilipogusa mabati ya kiwanda, alifunga mlango wa kibanda, akaiwasha tena. Hatua hamsini za kwanza hakuna kitu. Halafu usukani ukaanza kulemea kushoto. Haukuruka, haukutetemeka. Ulilemea taratibu, kwa upole, kama mtoto anayemvuta mama yake nguo akitaka aangalie kitu.

Shangazi hakushtuka. Kushtuka kulikuwa kumemtoka siku nyingi. Alifikiri kama fundi: barabara imelalia upande. Barabara nyingi zimelalia upande, maji yatoke. Akageuza, arudi kwa upande wa pili aone.

Ilivuta kulia.

Alisimamisha. Akakaa juu yake katikati ya vumbi, injini ikinguruma, akalifikiria hilo. Kitu kilichopinda kinageuka na wewe. Ukienda kinavuta kushoto, ukirudi kinavuta kushoto vilevile, maana kimepinda kwenyewe, hakijui unaelekea wapi. Hii ilikuwa inajua. Kwenda ilivuta kushoto, kurudi ilivuta kulia, na kushoto kule na kulia huku ni upande mmoja wa mji.

Hii haikuwa imepinda. Hii ilikuwa na mahali inapokwenda.

Jirani yake, mchomeleaji ambaye mtaa mzima ulimwita Cheche, alikuwa anafungasha nyaya zake.

"Cheche, hebu ipande hii mpaka kule kwenye mbao."

"Unanipa na mimi nife? Mke wangu bado ananipenda, ujue," alisema, huku ameshaidandia.

Alikwenda akipiga mluzi. Aliporudi hakuwa anapiga mluzi. Alishuka upande wa kulia, upande ambao hakuna anayeshukia, akasimama mbali kidogo.

"Si ungesema unapanda nyuma," alisema.

"Nilikuwa hapa."

"Shangazi, usinitanie."

"Nilikuwa hapa hapa, Cheche. Nimeshika kufuli."

Cheche alitazama kiti. Kilikuwa kiti cha kawaida, ngozi nyeusi, kimechanika kidogo nyuma. "Nimepiga kona pale mwisho," alisema kwa sauti ndogo. "Nikasikia mtu analala na kona pamoja na mimi. Kama abiria aliyezoea. Na harufu... hukuisikia harufu? Kama shati lililokunjwa halijakauka." Alijifuta mikono kwenye suruali, mikono iliyokuwa mikavu. "Mrudishie mwenyewe. Mwambie haitengenezeki."

"Atamwuzia mwingine."

"Basi huyo mwingine ana Mungu wake!"

Mtu mwenye hofu angemsikiliza. Shangazi alipanda, akawasha. Moyoni mwake hapakuwa na ujasiri wowote, wala huruma kubwa. Palikuwa na swali tu, na swali ndicho kitu cha kwanza kilichoingia humo kwa miezi minane.

Safari hii hakushindana nayo. Alilegeza mabega, akashika usukani kwa vidole kama mtu anayeshika sahani ya kuazima. Pikipiki ikakata kushoto kwenye bomba la maji, ambapo wanawake walikuwa wamepanga ndoo. Ikapita nyuma ya kiwanda, kwenye kichochoro ambacho hakuwahi kukipita. Ikakata tena. Nyumba za matofali yasiyopigwa lipu. Kamba za nguo. Redio inazungumza dirishani. Mtoto mmoja aliyekuwa anachezea gurudumu alisimama, akapunga mkono, akatazama nyuma ya Shangazi, akaushusha mkono taratibu.

Harufu aliisikia hapo. Shati lililokunjwa halijakauka. Na chini yake, kitu kingine, kitamu kidogo.

Kiti kilishuka nyuma yake, kama mtu amejiweka sawa.

Hakugeuka.

Pikipiki ilipunguza mwendo yenyewe mbele ya geti la bati la bluu. Shangazi alikanyaga breki, akaweka mguu chini. Kabla hajapiga honi, kabla hajabisha, geti likafunguka.

Alikuwa mwanamke wa umri wake, mwembamba, sindano tatu zimechomekwa kifuani mwa gauni kama wanavyochomeka washonaji. Mkono mmoja beseni la maji, mkono mwingine taulo. Alikuwa amevaa vizuri. Alikuwa amepaka mafuta. Hakumtazama Shangazi hata kidogo. Alitazama nyuma yake, juu ya bega lake.

"Umechelewa leo," alisema.

Injini tu ndiyo iliyonguruma.

"Dada," Shangazi alisema. "Mimi ni fundi. Pikipiki hii..."

"Najua ni ipi. Naujua mlio wake." Macho hayakusogea. "Wiki tatu nausikia kila jioni. Unakuja, unakuja, unafika pale kwenye mbao, halafu unageuka. Huyo anayeiendesha anaikataza. Wewe hukuikataza." Sauti ilikatika kidogo. "Asante, dada. Zima. Mwache ashuke."

Shangazi alizima injini.

Kwanza hakusikia kitu. Halafu akasikia sauti ambayo alikuwa ameisikia mara elfu kumi maishani mwake, sauti ambayo angeitambua hata usingizini, abiria anaposhuka na chuma kinapumua.

Shokapu za nyuma zilipanda.

Aliusikia mwili wake wote ukiinuka sentimita mbili pamoja na kiti. Ubaridi ukampita begani. Mwanamke akasogea pembeni kupisha mlango, akashusha beseni chini, na maji yaliyokuwa yametulia yakatikisika mara moja, yakatulia tena.

"Dada," Shangazi alisema. Alijisikia anaongea kutoka mbali. "Umefanya nini?"

Mwanamke alisema haraka haraka, kwa kunong'ona, kama mtu anayechelewa ndani. Mumewe alikuwa ameanza kurudi usiku mkubwa. Yeye akadhani kuna mwanamke mwingine. Akaelekezwa kwa mtu, akapewa kifurushi kidogo, akaambiwa akifiche ndani ya chombo anachosafiria mumewe: jua likitua, chombo kitarudi nyumbani, kipende kisipende. Na kweli. Miezi minne mume alikuwa anarudi jua likitua, mwenyewe anashangaa.

"Halafu siku moja akapata kazi ng'ambo ya mji," mwanamke alisema. "Hakuniambia, alitaka kunishtukiza. Jua likazama yuko kwenye barabara kuu. Chombo kikataka nyumbani. Kushoto kwake kulikuwa na lori."

Shangazi aliukumbuka mshono chini ya tangi.

"Ndugu zake wakamzika kwao, hapa mtaani sikumwambia mtu; pikipiki wakaichukua, wakaiuza, sikuambiwa kwa nani. Lakini dawa haijui kwamba amekufa, dada. Dawa inajua kurudisha tu." Alimshika Shangazi mkono, akamwangalia usoni kwa mara ya kwanza. "Kitoe sasa. Amekwisha kufika. Chombo kikibaki na dawa, kesho jioni atapanda tena nyuma ya mtu. Kitoe, nibaki naye."

"Kiko wapi?"

"Mkono wa kushoto. Ndani ya bomba."

Shangazi angeweza kukataa. Baadaye alijiuliza mara nyingi kwa nini hakukataa. Lakini kulikuwa na mwalimu na mkewe mwenye mimba ya miezi saba, na kulikuwa na hitilafu iliyopatikana, na fundi akishaipata hitilafu mikono yake haingoji ruhusa. Alichomoa bisibisi mfukoni, akaingiza chini ya mpira wa mshikio wa kushoto, akauvua. Ndani ya bomba la usukani kulikuwa na kitambaa kilichosokotwa. Akakivuta kwa koleo. Kilikuwa chepesi, kimefungwa uzi mweusi, na nywele fupi fupi zimechomoza kwenye kona. Kilikuwa na joto, kama kitu kilichotoka kwapani mwa mtu.

Kabla hajakitoa mkononi, aliuliza. Hakujua atauliza.

"Aliyekupa hiki... yuko wapi?"

Mwanamke alimtazama, akaelewa. Wajane wanajuana. "Na wako ana muda gani?"

"Miezi minane."

"Bado yuko karibu," mwanamke alisema kwa upole. Akamwelekeza. Machimbo ya zamani ya mawe, nyumba ya mwisho, mlango unaotazama nyuma. Kisha akachukua kifurushi, akakibusu, akaingia ndani. Geti likafungwa. Komeo likapigwa.

Shangazi alirudisha mpira mahali pake. Ndani alisikia kiti kinavutwa. Sahani inawekwa mezani, na ya pili. Sauti ya mwanamke, ya chini, ya furaha, inaeleza habari za siku nzima, nani kaleta kitambaa gani. Sauti ya mke anayezungumza na mumewe. Shangazi alisimama akiisikiliza, na kitu kikaanza kumchoma kifuani, kama mguu uliokaliwa unavyochoma damu inaporudi.

Halafu sauti ilikatika katikati ya neno.



"Geuka nikuone," mwanamke alisema ndani.

Kiti kilisogea.

"Geuka vizuri..."

Kitu kilianguka, kikavunjika. Hatua za haraka zikaja mpaka getini, na Shangazi akasikia pumzi upande wa pili wa bati, pumzi za mtu aliyeweka mdomo kwenye tundu la komeo.

"Fundi... fundi bado upo?"

"Nipo."

"Huyu siye."

Shangazi alishika geti, akalivuta. Komeo lilikuwa ndani. "Fungua! Fungua, dada, utoke!"

Komeo lilisogea nusu. Likasimama. Kuna mkono uliokuwa umelishika kutoka juu, aliuhisi uzito wake kupitia bati, mkono usio na haraka. Komeo likarudishwa.

"Ahsante, fundi," sauti ya kiume ilisema. Ilikuwa sauti nzuri, yenye adabu, ya mtu anayeaga mgeni. "Nenda salama."

Shangazi alipiga geti kwa ngumi. Aliita majirani. Wawili walitoka, mmoja na kijiko mkononi, wakagonga naye, na baada ya muda mwanamke mwenyewe akafungua kidogo, upana wa uso. Alikuwa anatabasamu. Alisema samahani kwa kelele hizi, sahani imeponyoka, mume wangu amerudi kutoka safari, tumefurahi kupita kiasi. Majirani wakampa pongezi. Mmoja alisema mbona hukutuambia.

Lakini mkono wake wa kulia ulikuwa umepita kwenye upenyo wa geti, chini, ambapo majirani hawakuona, na ulikuwa umeshika kifundo cha mkono wa Shangazi. Ulikaza mpaka kucha zikaingia. Iliuma. Shangazi alisikia maumivu yale mpaka kwenye bega, mpaka kwenye meno, maumivu mazima, na pamoja nayo hofu, yote kwa mpigo, miezi minane kwa mpigo. Alifungua mdomo apige yowe.

Mtu akakohoa ndani. Vidole vikaachia kimoja kimoja. Geti likafungwa.

Majirani walimwambia aende nyumbani, amechoka, anaonekana.

Mwalimu alikuja asubuhi, akaipanda mpaka kwenye mbao, akarudi anacheka kama mtoto. Jioni akapita tena akipiga honi, mkewe nyuma, ameshika tumbo. Ilikuwa imenyooka. Aliuliza ilikuwa na nini. Shangazi alimwambia kulikuwa na kitu kimekwama kwenye usukani.

Siku ya tatu, mchana wa jua kali, alimchukua Cheche na nyundo yake kubwa, wakaenda kwenye geti la bluu. Lilikuwa wazi. Uani, mama mwenye nyumba alikuwa anafagia vipande vya sahani.

"Wamehama, mwanangu," alisema. "Jana alfajiri. Yule mume wake amerudi, Mungu mkubwa, tulidhani amekufa. Mtu mpole! Kabeba cherehani begani peke yake, ile ya chuma, kama anabeba mto."

"Na mke?"

"Alikuwa analia. Lakini kuhama ndivyo kulivyo, mtu anazoea mahali."

"Wamekwenda wapi?"

"Hawakusema."

"Mama," Shangazi alisema, "huyo mume. Alikuwa na sura gani?"

Mama mwenye nyumba alisimamisha ufagio. Alifungua mdomo ajibu, mara moja, kama mtu aulizwaye jambo dogo. Jibu halikutoka. Akakunja uso. Aliangalia mlango, akaangalia uani, pale walipopita.

"Unajua," alisema, "alisimama hapa hapa mbele yangu..." Akaushika ufagio kwa mikono miwili. "Kwani wewe ni ndugu yao?"

"Hapana," Shangazi alisema. "Mimi ndiye niliyemleta."

"Umemleta nani?"

Cheche alimvuta mkono, waende. Shangazi alibaki amesimama. Alitafuta jina la huyo aliyemleta amtajie yule mama, jina lolote, na hakulipata.